Aksoloti mchanga: chakula gani kwa maji gani

Mtu akishapata aksoloti mchanga (salamanda wa majini, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia), swali lake la kwanza huwa ampe chakula gani. Kabla ya kumjibu, mimi humuuliza: umemweka kwenye maji gani? Chakula na maji ni uamuzi mmoja. Kinachofaa kabisa kwenye beseni linalomwagwa kila siku kinaweza kuua ndani ya tangi jipya la kioo, na chakula ambacho wengi hukikwepa kwa sababu ya usumbufu wake huenda ndicho salama kuliko vyote, kwa kuwa kikisazwa hakiozi.

Watoto wangu wa kwanza walikuwa wanne, kila mmoja na sentimita nne hivi, kwenye tangi nililokuwa nimelijaza maji wiki moja tu kabla. Chujio lilikuwa linafanya kazi, maji yanang'aa, nikaamini mambo yako sawa. Jioni niliwapa viluwiluwi vyekundu vya usubi, vilivyogandishwa, nikaongeza na tena nikaongeza, kwa furaha ya kuwaona wakila. Asubuhi nilimkuta mmoja amekufa, na waliobaki matamvua yao ya kupumulia yamesinyaa na kulala. Maji yalikuwa yanang'aa vilevile. Nilipopima, amonia, sumu itokanayo na uchafu na chakula kinachooza, ilikuwa imepita miligramu 2 kwa lita. Tangu siku hiyo kila chakula nakipima kwa swali moja: kisipoliwa, kitakuwa kimegeuka nini ndani ya maji kufikia asubuhi?

Basi ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata swali hilo.

Kwa nini maji humdhuru haraka

Aksoloti ni salamanda asiyetoka majini. Kwao ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, kwenye nyanda zilizo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji hubaki ya ubaridi muda mrefu wa mwaka. Salamanda wengi hupoteza matamvua wanapokomaa na kuhamia nchi kavu. Huyu huzeeka nayo, matatu kila upande wa kichwa, yametandazwa kama manyoya. Porini yuko katika hatari kubwa ya kutoweka, na kuchafuka kwa maji ni mojawapo ya sababu, pamoja na samaki wa kigeni, wakiwemo perege, waliopandikizwa katika mifereji yake. Ninalikumbuka hilo kila ninapoona beseni chafu. Mnyama huyu anaangamizwa na maji mabaya kwao, na sisi tunamfuga ndani ya lita chache tu.

Ngozi yake ni laini na hupitisha vitu. Sabuni iliyobaki kwenye ndoo, dawa ya wadudu iliyokuwa mkononi, klorini ya bomba, vyote humfikia moja kwa moja. Yeye mwenyewe pia huyachafua maji: akila, mwili wake hutoa amonia, na chakula kilichobaki chini kikioza hutoa amonia nyingine. Sumu ya amonia hupanda pamoja na joto na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. pH ikipanda kwa hatua moja, ile sehemu ya amonia iliyo na sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kulisha sawasawa, mmoja mnyama wake akanawiri na wa pili akapata msiba.

Wiki za kwanza: artemia au dafnia?

Mtoto aliyetoka kwenye yai ana urefu wa milimita 11 hadi 13. Siku mbili au tatu za mwanzo hahitaji chakula. Bado anatumia kiini cha yai kilichomo tumboni. Ukimlisha siku hizo unayachafua maji bure.

Baada ya hapo anakula kitu kimoja tu: kinachotikisika. Hana bado uwezo wa kutambua chakula kilichotulia. Kinapita kitu kidogo mbele ya mdomo, anakivuta ndani pamoja na maji. Kwa hiyo kiini cha yai la kuchemsha, unga wa chakula cha samaki na tembe zilizosagwa, ambavyo bado vinashauriwa huku na huko, haviwezi kumsaidia umri huu. Havioni kama chakula, na vyote vinaoza kwa saa chache.

Hapa ushindani wa kweli ni kati ya artemia na dafnia, na ningependa uchague ukiwa unajua kila mmoja anakudai nini.

Artemia ni kamba wadogo sana wa maji ya chumvi. Mayai yake makavu hukaa muda mrefu, na unayaangua mwenyewe unapotaka: chupa ya maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, mwanga, joto la nyuzi 26 hadi 28, hewa ikipulizwa mfululizo. Baada ya saa 24 hadi 36 unazima hewa, maganda yanaelea juu, artemia wanakusanyika chini, unawanyonya kwa mpira mwembamba. Uzuri wao mkubwa ni uhakika. Unajua lini watakuwa tayari na unajua hawana magonjwa ya bwawa. Zaidi ya hayo, tumbo la mtoto likijaa artemia huonekana kwa nje, rangi ya chungwa chini ya ngozi inayopitisha mwanga, kwa hiyo kwa jicho moja unajua nani amekula na nani hajala. Sijapata chakula kingine kinachonipa taarifa kama hiyo.

Ubaya wao unaanzia pale wanapoingia kwenye maji yasiyo na chumvi. Wanaishi saa chache, kisha wanakufa na kushuka chini, na kufikia asubuhi sakafu ya beseni ina utando wa waridi unaonuka. Ni lazima kuwasuuza kabla ya kuwatia, la sivyo unapeleka na chumvi. Ni lazima kulisha mara mbili kwa siku badala ya kumwaga wengi mara moja. Na ni lazima kuwatumia wakiwa wachanga, maana wanapoanguliwa wamebeba akiba ya kiini, na kila saa inayopita wanaitumia wao wenyewe. Aliyekaa siku nzima kwenye chupa bila kulishwa si chakula kile kile tena.

Dafnia, viroboto wa maji, ni habari nyingine. Wao ni wa maji yasiyo na chumvi tangu kuzaliwa, kwa hiyo ukiwatia kumi na mtoto akala sita, wanne wanaendelea kuogelea mpaka kesho. Katika kungoja kwao wanachuja bakteria na mwani kwenye maji. Ukinilazimisha kutaja chakula kisichochafua maji, nitataja hiki. Tena hawavumilii klorini kabisa: wakifa ghafla baada ya kubadilisha maji, wamekuonya kabla mtoto hajaumia.

Basi kwa nini si kila mtu anatumia dafnia? Kwa sababu lazima uwafuge wiki kadhaa kabla ya mayai ya aksoloti kuanguliwa. Wanataka ndoo au tangi lao, maji ya kijani au hamira kidogo sana, na wana tabia ya kufa wote kwa mkupuo ukizidisha chakula au joto likipanda. Anayetegemea ndoo moja ya dafnia siku moja ataamka na watoto mia moja wenye njaa na ndoo yenye maji matupu. Waliokomaa pia ni wakubwa kwa mdomo wa mtoto wa siku ya nne. Itabidi uwachekeche upate wadogo. Na usiwachote kwenye dimbwi lolote ulilolikuta, kwani pamoja nao utaleta viluwiluwi vya kereng'ende, ambao watawala watoto wako badala ya kuliwa.

Msimamo wangu: kwa aliye na watoto wengi na anayeweza kumwaga maji kila siku, artemia. Kwa aliye na watoto wachache na aliyejiandaa mapema, dafnia, na pakiti ya mayai ya artemia iwepo kabatini kwa siku ile ndoo itakapokufa. Vipo pia vijinyoo vyembamba vinavyofugwa kwenye uji mzito. Vinasaidia kwa siku mbili tatu ukikwama, ila virutubisho vyake ni vichache, na sijaona watoto wakinenepa kwa kuvitegemea peke yake.

Kuanzia sentimita mbili: kumtoa kwenye chakula hai

Miguu ya mbele ikishatoka, mtoto anaanza kuwinda kwa njaa mpya, na aliye karibu naye ni ndugu yake. Watoto wa sentimita mbili hadi saba hung'atana miguu na matamvua, na mkubwa humeza mdogo. Mguu uliokatika huota tena, hilo ni kweli na ni ajabu ya mnyama huyu, lakini jeraha kwenye maji yenye uchafu huota ukungu mweupe kwanza. Watenganishe kwa ukubwa. Ukiweza, kila mmoja na beseni lake.

Sasa anaanza kunusa na kugusa, si kutazama tu, na unaweza kumzoesha chakula kilichokufa. Vinavyoshindana hapa ni viluwiluwi vyekundu vilivyogandishwa na minyoo myeusi ya majini iliyo hai.

Viluwiluwi vyekundu wengi huviita minyoo, kumbe ni watoto wa usubi wasiouma. Vinapatikana vimegandishwa katika vipande vidogo, ni laini, na karibu kila aksoloti huvikubali. Kasoro ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, kwa hiyo mtoto anashiba haraka na kuona njaa haraka. Kumlea mpaka ukubwani kwa hicho pekee ni kumpunja. Pili, kipande kilichoyeyuka kina maji mekundu yaliyojaa protini iliyopasuka. Ukikitupa tangini kama kilivyo, umemwagia maji mchuzi. Kiyeyushe kwenye kikombe, kimimine kwenye chujio la chai, kisuuze, kisha umpe kwa kibano viwili vitatu kwa mara. Kosa la ule usiku wangu wa kwanza lilikuwa hapo: sikumwaga yale maji mekundu, wala sikuondoa kilichobaki. Kama mikono au macho yako yanawasha baada ya kuvishika, vaa glavu, kwa sababu baadhi ya watu wana mzio navyo.

Minyoo myeusi ni ghali kwa muda kuliko kwa kitu kingine chochote. Inatakiwa kukaa kwenye maji machache ya baridi, kwenye friji, na kusuuzwa kila siku. Lakini ndani ya tangi haifi. Inazama, inajificha pembeni, inakula mabaki, na mtoto anaiwinda usiku kwa wakati wake. Kwa mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, sijui chakula kinachomfaa mtoto wa sentimita nne kuliko hiki. Iangalie tu ilikotoka; isichanganywe na ile minyoo myekundu membamba inayokusanywa kwenye matope ya maji taka, ambayo huleta magonjwa.

Nyungunyungu dhidi ya tembe

Akifika sentimita sita au saba, mdomo umepanuka vya kutosha kuanza chakula kitakachomfikisha ukubwani. Hapa sitajifanya sina upande. Nyungunyungu ndiye chakula bora cha aksoloti. Ana protini nyingi, mwili laini usio na gamba gumu, na kalisi ya kutosha. Akianguka chini hai anaendelea kujinyonganyonga kwa muda, jambo linalomvuta mtoto amfuate, na ni rahisi kumwona na kumtoa.

Kwa aksoloti mdogo itabidi umkate nyungunyungu kwa mkasi, kipande kisizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya aksoloti. Kipande kilichokatwa hutoa damu na ute, kwa hiyo kisuuze, na kisipoliwa ndani ya dakika kumi na tano kitoe. Wale wembamba wenye mistari wanaofugwa kwenye mboji hutoa majimaji ya manjano yenye harufu na ladha chungu. Watoto wengi huwatema. Kuwachovya sekunde chache kwenye maji ya moto huondoa sehemu ya uchungu huo. Nyungunyungu wa kuchimba wanafaa tu kama una hakika ardhi ile haijawahi kupigwa dawa wala kumwagiwa mbolea ya viwandani. Huna hakika? Fuga wako kwenye sanduku la udongo na majani.

Tembe zinazozama, zile laini zenye protini kuanzia asilimia 40, zina sifa ambazo sizibezi. Virutubisho vimepimwa, hazihitaji friji wala mkasi, na anayekuangalizia mnyama ukiwa safarini anaweza kuhesabu "tembe tatu" bila kukosea. Tatizo liko kwenye ukavu wake. Gramu moja ya tembe imebeba protini mara kadhaa ya gramu moja ya viluwiluwi vilivyojaa maji, hivyo tembe moja iliyosahaulika nyuma ya jiwe hutoa amonia nyingi kuliko kipande cha nyungunyungu cha ukubwa uleule. Ikikaa chini muda mfupi inalainika, inameguka, na mkondo wa chujio unaisambaza mahali usipoweza kuifikia. Ukichagua tembe, mpe kwa kibano moja moja mbele ya pua, na usimwage kiganja.

Mimi hutumia nyungunyungu kama mlo na tembe kama akiba. Mtoto aliyezoea vyote viwili hakutii wasiwasi siku kimoja kikikosekana. Aliyezoeshwa tembe tu kwa miezi sita anaweza kumkataa nyungunyungu siku kadhaa.

Samaki wadogo hai sishauri. Wengi wana miiba na vimelea, na baadhi, kama samaki wa dhahabu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Nyama ya ng'ombe au kuku ina mafuta asiyoweza kuyasaga vizuri, na funza wa unga wana gamba gumu.

Kuhusu kiasi: chini ya sentimita saba mpe mara mbili kwa siku, kisha mara moja kwa siku mpaka afike sentimita 15 hivi, halafu siku moja ndiyo moja hapana. Mwangalie kwa juu. Tumbo likiwa na upana sawa na kichwa, ameshiba.

Beseni la kila siku au tangi lililokomaa?

Huu ndio uamuzi unaobeba mingine yote, na ndio ambao watu huufanya kwa macho. Tangi la kioo linapendeza, beseni linaonekana kama adhabu. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni kinyume.

Beseni la plastiki la lita chache, bila chujio, maji yote yakibadilishwa kila siku, hufanya kazi kwa sababu nyepesi: amonia haipewi muda wa kujilimbikiza. Huhitaji bakteria, huhitaji kungoja wiki. Unamwona mtoto mzima mzima, unaona alichokula na choo chake, na chakula hakimpotei kwenye nafasi kubwa. Mtoto wa sentimita mbili ndani ya tangi la lita 100 anaweza kufa njaa huku chakula kikiwa upande wa pili.

Gharama yake ni nidhamu isiyo na likizo. Maji ya kesho yanatayarishwa leo, yakae chumba kilekile yapate joto lilelile. Kama maji ya bomba yana klorini ya kawaida, kuyaacha wazi saa 24 huiondoa. Kama yana kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hayo hayasaidii, na itabidi utumie dawa ya kuiondoa, isiyo na mshubiri ndani yake. Mimi nina mabeseni mawili kwa kila mtoto: moja linatumika, jingine linakauka. Mtoto huhamishwa kwa kikombe, hashikwi kwa mkono wala wavu wenye matundu makubwa unaonasa vidole vyake. Ukiruka siku moja katika joto, umeharibu kazi ya wiki.

Tangi lililokomaa ni lile ambalo bakteria wameshaota kwenye chujio na kufanya kazi yao kwa hatua mbili: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti. Nitriti nayo ni sumu, huizuia damu kubeba oksijeni. Nitreti ina madhara madogo zaidi na unaipunguza kwa kubadilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji kila wiki. Tangi liko tayari pale unapotia amonia kufikia miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 vipimo vinasoma amonia 0, nitriti 0, nitreti ikionekana. Safari hiyo huchukua wiki nne hadi nane, na inafanyika bila mnyama ndani. Bakteria hawa hukua taratibu kwenye baridi, kwa hiyo wakati wa kulikomaza acha maji yawe na joto la nyuzi 25 hivi, kisha uyapoze kabla ya kumwingiza.

Likishakuwa tayari, tangi linakusamehe mambo ambayo beseni halisamehi. Ukichelewa kurudi, ukisahau kipande kimoja, ukipata homa siku mbili, bakteria wanaendelea. Joto la lita 100 pia hubadilika polepole kuliko la lita tano. Lakini tangi ambalo halijakomaa ni baya kuliko vyote viwili, maana lina ubaya wa beseni bila kumwagwa kila siku, na uzuri wake wa macho unakufanya uliamini. Maji safi kwa jicho hayakwambii chochote. Tumia kipimo cha matone badala ya vikaratasi, kwa kuwa vikaratasi hukosea, hasa kwenye namba ndogo ambazo ndizo unazozihitaji.

Kwa mkubwa mmoja lita 75 ni kiwango cha chini, na ukiweza anzia 110.

Chujio, sakafu na joto

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo ninaloliweka kwa aksoloti mchanga, bila kusita. Mkondo wake ni mpole, haliwezi kumnyonya, na sponji yenyewe ni makao ya bakteria. Chujio la nje lenye nguvu husafisha vizuri zaidi kwenye tangi la mkubwa, mradi maji yanayorudi yatawanywe kwenye bomba lenye matundu. Matamvua yaliyopinda mbele muda wote na ncha ya mkia iliyojikunja ni ishara kwamba mkondo au maji yanamsumbua. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini itaua bakteria wote. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Kokoto hapana, kwa umri wowote. Anavuta chakula pamoja na kilicho karibu nacho, na jiwe likiziba utumbo hakuna dawa ya nyumbani. Kwa aksoloti mchanga acha sakafu tupu, ambayo pia unaifuta kwa mpira wa kunyonyea dakika mbili.

Joto lake ni nyuzi 16 hadi 18. Juu ya 20 punguza chakula na uwe macho, na 24 ni hatari. Nalitaja hapa kwa sababu joto linagusa kila kitu nilichokwisha kusema: chakula kinaoza upesi, oksijeni inapungua majini, na amonia inakuwa kali zaidi, yote kwa pamoja. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa kwa uvukizi. Chupa za barafu hushusha haraka na kupandisha haraka, na huo mrukoruko wenyewe unamchosha. Zifae dharura tu. Anayeishi mahali pa joto mwaka mzima afikirie mashine ya kupoza maji kabla hata ya kufikiria chakula.

Kipi kiende na kipi

Kama una watoto wengi wa chini ya sentimita mbili: mabeseni, na artemia mara mbili kwa siku. Utando ule wa waridi unaondoka na maji yaliyomwagwa, kwa hiyo kasoro kubwa ya artemia inafutwa na beseni lenyewe. Artemia kwenye tangi lenye chujio, hata lililokomaa, wananyonywa na sponji na kuozea humo.

Kama umepata mmoja wa sentimita tano hadi nane na tangi lako bado jipya: mrudishe kwenye beseni leo, hata kama roho inakuuma kuona kioo kizuri kitupu. Mpe vipande vya nyungunyungu, au viluwiluwi vilivyosuuzwa, kwa kibano. Tangi likomae peke yake pembeni. Tembe ngoja nazo.

Kama una tangi lililokomaa na mtoto aliyepita sentimita nane: nyungunyungu, na tembe mara moja au mbili kwa wiki ili azoee.

Kama kazi yako haikuruhusu kumwaga maji kila siku: usichukue mdogo kabisa. Komaza tangi kwanza, kisha tafuta aliyekwisha fika sentimita nane au kumi, na uwe na minyoo myeusi humo kwa siku utakazochelewa.

Siku ya kumhamisha kutoka beseni kwenda tangini, mwache ndani ya chombo chake kikielea nusu saa ili joto lisawazike, ukiongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja. Siku hiyo usimlishe. Kesho yake pima amonia kabla ya kufungua friji. Ikiwa 0, mpe kipande kimoja kwa kibano, kaa naye mpaka akimeze, na kama amekitema kinyonye hapohapo kwa pipeti. Jioni pima tena. Ikionekana amonia yoyote, hata miligramu 0.25 kwa lita, badilisha nusu ya maji na mlo wa pili ungoje mpaka kipimo kirudi 0.